Karani na Wajumbe Sita: Maisha ya Shaaban Robert kwa Msomaji Aliyeirejea Kusadikika

Hapana mwanafunzi wa Kiswahili asiyelijua jina la Shaaban Robert. Twalisikia tungali katika shule za msingi, twalikuta tena katika shule za upili, na tufikapo chuo kikuu limekwisha kugeuka sanamu: baba wa fasihi ya Kiswahili ya kisasa, gwiji, mlumbi, na sifa nyinginezo ambazo hutajwa kwa haraka ili mhadhara uendelee. Sanamu haina haja ya kusomwa. Yatosha kupita mbele yake na kuinamisha kichwa. Ndivyo inavyotukia kwamba Kusadikika, riwaya yake mashuhuri kuliko zote, husomwa na wengi wetu mara moja tu, utotoni, kisha hurejeshwa rafuni pamoja na heshima zake. Makala haya yanakusudia kuyasimulia maisha ya mwandishi huyo kama yanavyomdhihirikia msomaji aliyekirejea kitabu chake baada ya miaka mingi. Naamini kwamba riwaya hiyo na maisha ya aliyeitunga ni vitu viwili ambavyo kila kimoja hukifungua kingine, na kwamba ufunguo wenyewe ni kazi aliyoifanya mchana ili apate riziki.

Nilikutana na Kusadikika nikiwa Kidato cha Pili, katika nakala isiyo na jalada iliyokwisha kupita mikononi mwa wanafunzi wengi. Kwa msomaji wa umri ule kisa kilikuwa wazi kama mchana. Iko nchi iliyo angani. Yuko mfalme, liko baraza, yuko waziri aitwaye Majivuno, na yuko kijana Karama aliyeshtakiwa kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Mshtaki ana maneno mengi na mazito. Mshtakiwa amesimama peke yake. Mwishowe mshtakiwa anashinda, na darasa zima linafurahi. Yale yaliyo baina ya shtaka na hukumu, yaani hadithi za wajumbe sita ambazo Karama anazisimulia barazani ili kujitetea, tuliyapita kwa kasi ya watu wenye hamu ya kujua nani atafungwa na nani atafunguliwa.

Niliporudi kwenye kitabu hicho hivi karibuni, nikitafuta mada ya tasnifu, nilikuwa nimekwisha kupitia ofisi. Baina ya shahada ya kwanza na hii ya uzamili nilifanya kazi ya ukarani kwa miaka miwili mahali fulani. Kazi ya kupokea taarifa, kuzipiga chapa, kuzitia nambari na kuzifungia katika majalada. Zilikuwamo taarifa nzuri, zilizoandikwa na watu waliotembea vijijini kwa miguu, zenye mapendekezo ambayo yangalimfaa mwananchi wa kawaida. Zililala. Basi nilipokifungua kitabu mara ya pili, jicho halikwenda kwa Karama wala kwa Majivuno. Lilikwenda kwa wale sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Hawa si waasi hata kidogo. Ni watumishi. Wametumwa na nchi yao, wanne katika pande nne za dunia, mmoja juu na mmoja chini, wakatazame jinsi wengine wanavyoishi na kurudi na habari zitakazoinufaisha Kusadikika. Wanakwenda kwa taabu, wanatazama kwa makini, wanarudi na mapendekezo, na malipo yao ni gereza. Ukiitazama kwa jicho hili, riwaya nzima imejengwa juu ya taarifa sita zilizofika mezani kwa wakubwa zikakataliwa, na Karama ni mtu anayezitoa tena kabatini na kuzisoma kwa sauti mbele ya baraza.

Mtu wa namna gani hubuni kisa cha namna hii? Jawabu ni rahisi, na inashangaza kwamba hatulitaji mara nyingi: karani. Shaaban Robert aliitumikia serikali ya kikoloni ya Tanganyika katika ofisi mbalimbali kwa zaidi ya miaka thelathini, na vitabu vyake aliviandika katika saa zilizosalia.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Nchi wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani. Wazazi wake walikuwa wenye asili ya Kiyao, kabila ambalo kwao ni mbali na Tanga, kusini kabisa mwa Tanganyika na ng'ambo ya mpaka. Lakini yeye mwenyewe alijihesabu kuwa Mswahili. Jina lake la pili limewababaisha wasomaji wengi, hata wengine wakamdhania kuwa Mkristo. Alikuwa Mwislamu, na Uislamu wake umo katika kila ukurasa wa kazi zake. Hata hivyo alikuwa Mwislamu mwenye kuandika kwa namna ambayo Mkristo wa bara, na hata asiyekuwa na dini, huona kwamba ameketishwa katika jamvi lilelile. Nadhani jambo hili lilichangia sana kuenea kwake hapa Kenya, ambako kitabu chake kilisomwa kando ya Ziwa Viktoria na kwenye miteremko ya Mlima Kenya bila mwalimu kulazimika kumfasiria mwanafunzi imani ya mwandishi kwanza.

Hakuwa ametimiza miaka sita wakati majeshi ya Waingereza yalipoteremka Tanga, mwezi Novemba 1914, na kutimuliwa na Wajerumani. Vita vilipokwisha, Mjerumani ndiye aliyekuwa ameondoka na Mwingereza ndiye aliyekuwa ameketi. Mtoto wa Tanga wa kizazi kile alijifunza mapema kwamba bendera hubadilika ilhali forodha, bomani na daftari la kodi hubaki palepale. Alijifunza pia, au watu wazima walijifunza kwa niaba yake, kwamba daftari hilo huandikwa kwa Kiswahili. Wajerumani waliitumia lugha hii katika utawala wao, na Waingereza wakairithi desturi hiyo pamoja na majengo. Palikuwa na kazi kwa kijana aliyejua kusoma na kuandika vizuri.

Kijana Shaaban alipelekwa Dar es Salaam, akasoma huko kuanzia 1922 hadi 1926. Hiyo ndiyo elimu yote ya shule aliyoipata: miaka minne. Mengine yote, Kiingereza chake kilichomwezesha kuzifasiri rubai za Omar Khayyam kutoka katika tafsiri ya Kiingereza, ujuzi wake wa arudhi, maarifa yake ya dini na ya dunia, aliyachuma mwenyewe. Sisi tunaokaa miaka minne katika shahada moja tu, na kulalamika juu ya uchache wa vitabu maktabani, twapaswa kulitafakari hilo kidogo, japo sitalitilia mkazo kwa kuwa wahadhiri wetu hulisema vya kutosha.

Mwaka 1926 aliajiriwa katika idara ya forodha, na humo alibaki hadi 1944. Sehemu kubwa ya utumishi huo inahusishwa na Pangani. Mji huo mdogo ulio penye kinywa cha mto una historia yake na ushuru. Mwaka 1888 Sultani wa Zanzibar alipoikodisha kampuni ya Kijerumani ukanda wa pwani, pamoja na haki ya kukusanya ushuru wa bandari, ni Pangani ambako upinzani ulizuka kwanza, na Abushiri bin Salim akawa kiongozi wake. Abushiri alinyongwa papo hapo Pangani mwezi Desemba 1889. Haikutimia miaka arobaini, karani kijana akaja kuketi mahali ambapo mambo hayo yote yalitokea, akawa anahesabu mizigo ya majahazi kwa niaba ya mtawala mwingine. Sijui namna ya kuisoma Kusadikika bila kumwona karani huyo akinyanyua macho kutoka katika daftari lake. Upinzani wa mkuki na bunduki alikuwa ameyaona matokeo yake kwa macho ya mji mzima uliosalia.

Katika miaka hiyo ya forodha ndipo alipojijenga kuwa mshairi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali mwaka 1923 na kusomwa kote palipokuwa na msomaji wa Kiswahili, lilikuwa na kurasa za mashairi, na Shaaban Robert akawa miongoni mwa sauti zake. Tusisahau kwamba lugha yenyewe ilikuwa inawekwa katika mizani wakati huohuo. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikaanza kuamua lipi liandikwe vipi. Washairi wa Mvita na wa Amu hawakuipokea hukumu hiyo kwa furaha, na wako wasioifurahia hadi leo. Shaaban Robert, mzaliwa wa Mrima, alikichukua Kiswahili hicho kilichosanifiwa mezani na kukitia damu. Baadaye yeye mwenyewe alikuwa mjumbe katika kamati hiyohiyo ya lugha. Shairi lake la Titi la Mama, ambalo kila mmoja wetu amewahi kulikariri jukwaani, ni sifa ya lugha ya mama iliyotungwa na mtu ambaye mababu zake walikuwa na lugha nyingine. Wanaotafuta hoja kuhusu nani hasa ndiye Mswahili wanaweza kuanzia hapo.

Nyumbani, miaka hiyo ilimpa ndoa na ilimpa msiba. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki, naye akamwombolezea kwa shairi ambalo naliona kuwa miongoni mwa mashairi yake yaliyo karibu zaidi na kifua. Alioa tena baadaye. Tawasifu yake, Maisha Yangu, iliyochapishwa mwaka 1949, haianzi kwa utoto wala kwa ukoo kama tulivyozoea kuona katika tawasifu. Inamkuta mwandishi akiwa mtu mzima, mwenye mke, watoto na ajira. Ni kitabu cha ajabu kwa yale isiyoyasema. Hata hivyo ndani yake mna tenzi mbili za wosia, Utenzi wa Hati alioutunga kwa ajili ya binti yake na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Twaona mzazi anayehofia kwamba hatakuwa na mali ya kurithisha ila maneno.

Baada ya forodha alihamishiwa idara iliyoshughulika na wanyama, 1944 hadi 1946, kazi iliyompeleka bara, mbali na bahari aliyoizoea. Kisha akarejeshwa Tanga. Tangu 1946 hadi 1952 alikuwa katika ofisi ya mkuu wa wilaya, na tangu 1952 hadi mwisho wa utumishi wake, katika ofisi ya upimaji ardhi. Naomba msomaji asimame kidogo kwenye tarehe hizi, kwa kuwa Kusadikika ilichapishwa na kampuni ya Thomas Nelson mwaka 1951. Maana yake ni kwamba kitabu kinachosimulia habari za dola inayowafunga watumishi wake waaminifu, na kumshtaki mtu kwa kuwafundisha raia sheria, kilitoka wakati mwandishi wake alipokuwa akiingia kila asubuhi katika ofisi ya mwakilishi wa dola wilayani. Aliyekitunga alikuwa na mshahara wa kupoteza, na familia iliyoutegemea.

Hapa ndipo penye ubishi ambao umedumu katika semina zetu. Wako wanaosema kwamba Shaaban Robert alikuwa mpinga ukoloni aliyejificha nyuma ya istiara: Kusadikika ni Tanganyika, Majivuno ni mtawala wa kigeni, na nchi imewekwa angani ili mkaguzi asiione. Wako nao wanaosema kwamba alikuwa mtumishi mtiifu aliyekubali kuvikwa nishani ya M.B.E. ya Dola ya Uingereza na kupewa Tuzo ya Margaret Wrong. Kwamba Karama wake hataki kumwondoa mfalme, anataka tu mfalme asikie. Kwamba mwisho wa riwaya, ambapo baraza linashawishika na wafungwa wanaachiliwa, ni ndoto ya mtu asiyejua mamlaka yalivyo. Euphrase Kezilahabi, ambaye alimfanyia utafiti wake wa uzamili uliokamilika mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifungua njia ya kumsoma bila kumwabudu, na wahakiki waliomfuata wamewaita wahusika wake bapa, waliobeba sifa zao katika majina yao.

Ni kweli kwamba Karama haombi kiti cha mfalme. Lakini tazama anachokiomba. Anaomba kwamba sheria isiwe siri. Katika koloni, ambako amri huteremka kutoka juu na raia huitambua pale tu anapoivunja, hilo si ombi dogo, na karani wa ofisi ya wilaya ndiye mtu aliyejua zaidi ya wote jinsi lilivyo kubwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa baina ya amri na aliyeamriwa. Mwaka uleule wa 1951 Wameru wa Engare Nanyuki, kaskazini mwa Tanganyika, walifukuzwa katika ardhi yao ili ipewe walowezi. Hawakuchukua silaha. Walimchagua Kirilo Japhet, akasafiri hadi New York mwaka 1952 kulisema shauri lao mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa sababu Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini na raia wake walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko huko. Alisikilizwa. Ardhi haikurudishwa wakati ule. Sidai kwamba mwandishi alilitabiri jambo hili, wala kwamba Wameru walikuwa wameisoma riwaya yake. Nasema tu kwamba mtu aliyeamini, mwaka 1951, kwamba mnyonge aweza kwenda mbele ya baraza na kuhoji kwa hoja, hakuwa akiota ndoto isiyo na mizizi. Alikuwa akieleza siasa ya Tanganyika kama ilivyokuwa inaanza kutokea.

Na huo mwisho unaolaumiwa? Nimeusoma mara kadhaa sasa. Ushindi wa Karama haunishawishi, nakiri kwamba ninauona kuwa wa haraka mno kwa uzito wa yaliyotangulia. Ila sidhani kwamba uzito wa kitabu uko hapo. Uko katika kurudiarudia: mjumbe anakwenda, anarudi, anafungwa, mwingine anakwenda, anarudi, anafungwa. Mwanafunzi wa fani atasema kwamba huu ni udhaifu wa msuko. Mtu aliyepitia masijala atautambua kuwa ni picha kamili. Inawezekana mwandishi alihitaji mwisho mwema ili kitabu kipite, na inawezekana pia aliuamini kwa dhati. Hayo mawili hayapingani katika moyo wa mtu mwenye kazi ya mshahara.

Liko jambo jingine ambalo usomaji wa pili hulifichua, nalo halimpambi. Wajumbe wote sita ni wanaume, na baraza lote ni la wanaume. Nchi inayotamaniwa na Karama, iliyojaa sheria na haki, haijaulizwa wanawake wake wanataka nini. Utenzi wa Hati nao humwelekeza binti katika utii kwa mume kwa namna ambayo wasichana wa darasa langu la shahada ya kwanza walikuwa wakiisoma kwa kicheko kikavu. Lakini mtu huyuhuyu, katika miaka ya mwisho ya uhai wa Siti binti Saad, alimwendea mwimbaji huyo mkuu wa taarabu wa Zanzibar na kumhoji, na baada ya kifo chake mwaka 1950 akamwandikia wasifu. Siti alikuwa mwanamke aliyezaliwa katika ufukara, wa tabaka lililodharauliwa, ambaye sauti yake ilifika Bombay kurekodiwa mwaka 1928. Wasifu huo, uliotoka katika jarida la kamati ya Kiswahili mwaka 1958, ni miongoni mwa wasifu za mwanzo za Kiswahili zilizomhusu mwanamke wa kawaida, asiye malkia wala mtakatifu. Ndani yake mwandishi haoni haya kusema kwamba msanii huyu asiyejua kusoma alikuwa mwalimu wa watu. Mwandishi wa Hati na mwandishi wa Siti ni mtu mmoja, na tasnifu itakayowapatanisha bado ninaisubiri.

Usiku aliandika. Orodha ya kazi zake huchosha kuihesabu: Pambo la Lugha mwaka 1947, Adili na Nduguze na tafsiri ya Omar Khayyam mwaka 1952, Kielezo cha Insha mwaka 1954, na nyinginezo. Yafaa pia kutazama zilikochapishwa. Pambo la Lugha na Kielezo cha Insha zilitolewa na chuo kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, nyingine London. Mwandishi wa Kiswahili aliyeishi Tanga, na kuwaandikia watu wa Tanga, Mombasa na Unguja, alilazimika kupeleka maneno yake ng'ambo na kungoja yarudi yakiwa vitabu. Barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge, naye mwandishi wa hadithi, zinaanzia mwaka 1931, Shaaban akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, hadi 1958. Anayezisoma hukutana na mtu mwingine kabisa, asiye sanamu: ndugu mwenye wasiwasi wa familia, wa afya, wa fedha na wa miswada.

Katika riwaya ya Utubora Mkulima yumo mhusika ambaye ningependa kila mwanafunzi amsome baada tu ya Kusadikika. Utubora ana kazi ya kuajiriwa Unguja. Anaiacha. Anavuka bahari na kwenda kijiji cha Busutamu kulima, na wenzake hawamwelewi. Wahakiki wameiona riwaya hiyo kuwa sifa ya kilimo na ya utu wema, nami sipingi. Lakini mimi humwona humo karani wa ofisi ya upimaji, mtu anayechora mipaka ya mashamba ya watu wengine siku nzima, akijitungia usiku mhusika aliyethubutu kuweka kalamu chini na kushika jembe. Yeye mwenyewe hakufanya hivyo hadi umri wa kustaafu ulipokaribia. Aliendelea kuingia ofisini.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Nchi mpya iliichagua lugha aliyoitumikia kuwa lugha ya taifa, na katika hilo pekee, hapana mwandishi wa Afrika Mashariki wa kizazi chake aliyeona matumaini yake yakitimia kwa ukubwa kiasi hicho. Hakupata muda wa kuyaonja. Alifariki Dar es Salaam mwezi Juni 1962, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, miezi sita tu baada ya bendera ya Mwingereza kuteremshwa, akarudishwa Machui kuzikwa.

Alipozikwa, sehemu kubwa ya kazi anazosifiwa kwazo leo zilikuwa bado ni karatasi. Kufikirika, pacha wa Kusadikika, ilikuwa imeandikwa tangu 1946. Ilichapishwa mwaka 1967. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulitoka mwaka huohuo wa 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka mwaka 1968. Karama alihitaji kuhoji barazani tu ili wajumbe sita wafunguliwe. Kufikirika ilingoja miaka ishirini na mmoja, mitano ya mwisho bila ya bwana wake kuwapo. Barua kwa Yusuf Ulenge zilingoja zaidi. Zilichapishwa mwaka 2002 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zikiwa zimehaririwa na M. M. Mulokozi, na mwenye kuitaka nakala yake afanye hima, kwa maana huazimwa na harudi upesi.